Nta Nyingi Kwenye Bawa la Kushoto

Ninyi vijana mnaoingia karakana siku hizi mnakuta kitambaa kimeshakunjwa kwenye rafu, uzi uko kwenye kopo lake, na ukutani kuna karatasi inayosema nini kitangulie na nini kifuate. Karatasi hiyo niliiandika mimi kwa mwandiko wangu mbovu, na kila mstari wake umetokana na kosa. Mengi ni makosa yangu. Mmeniuliza habari ya mstari wa nne, ule unaosema uzi upitishwe kwenye nta mara moja tu. Nitaueleza, ila mnivumilie. Nimesoma hadi darasa la saba, na mawazo yangu hayapangi foleni. Nina madaftari niliyokuwa nikiandika kila nilipotoka kazini, lakini nikiyasoma sasa naona pengine nilijipendelea humo. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema.

Mimi ni fundi cherehani, basi. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka moja hapa Tabora mjini, nashona sare za shule, madera na mapazia. Siku moja akaja Bwana Nassor. Nilimjua kama kila mtu alivyomjua, kwa duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa la babu yake aliyetoka Omani, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kuwaachia duka watoto wa kaka yake. Akanitandikia mezani kitambaa cheupe, chepesi, kinachoteleza, akauliza kama naweza kupiga mshono mmoja wa urefu wa chumba bila kupinda.

"Ni pazia la msikitini?" nikamuuliza.

"Ni bawa."

"La nini?"

"La ndege, Mama Shija. Naunda ndege."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, kama mtu aliyejikinga mvua kwenye upenu wa watu, kisha akaniuliza tena juu ya mshono.

Karakana yake ilikuwa ghala la zamani la tumbaku nje kidogo ya mji, kandokando ya njia iliyokuwa ya misafara. Ukisimama mlangoni unaiona inavyoshuka kwenda magharibi, nyekundu, imepinda pasipo sababu, kwa kuwa waliopita hapo zamani walikuwa wanamfuata aliye mbele yao. Mara ya kwanza nilipoingia ilikuwa saa kumi alasiri. Bawa lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, bado mifupa mitupu: mbao ndefu mbili za urefu, na mbavu nyembamba zimepangwa kukatiza. Kivuli chake sakafuni kilikuwa kikubwa kuliko lenyewe. Baadaye, nilipolivalisha kitambaa, niliona jambo ambalo sijaweza kulieleza vizuri hadi leo. Mwanga unaingia ndani ya bawa halafu unasahau njia ya kutoka. Bawa zima linawaka pole, kama taa ya chemli iliyofunikwa kanga. Nilikaa nalitazama mpaka Bwana Nassor akadhani naumwa.

Watu walisema ni anasa ya mwenye nacho. Kwa haki, niseme si kweli, au si kweli yote. Ilikuwa ndege ya viti viwili, ya mbao na kitambaa. Injini yake ilitoka kwenye gari dogo la zamani, lile lenye mgongo wa kobe. Michoro aliiagiza kwa posta, na pale michoro ilipokuwa bubu alitazama wenzake wa nchi nyingine kwenye simu, anasimamisha picha, anaisogeza karibu na pua. Macho yake yalikuwa tayari yanamsumbua. Alikuwa na leseni ya urubani tangu ujanani, na cheti cha afya ambacho daktari alikisaini kwa shingo upande, akamwambia hiki ndicho cha mwisho. Cheti kingekwisha mvua zikiwa katikati, na mvua zikianza uwanja wetu wa udongo unakuwa uji. Alitaka jambo moja: airushe ndege yake kwa mikono yake mwenyewe, aifuate ile njia kutoka juu, kabla ya cheti kwisha. Sote tulilijua hilo. Hatukuwa tukilizungumza.

Sote ni watatu tu. Wa tatu alikuwa Fundi Maganga, seremala, Mnyamwezi wa Kigwa kama mimi. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kuunda mizinga ya nyuki, na Bwana Nassor alimruhusu aendelee nayo kwenye kona ya ghala. Ubishi wao ulikuwa kama redio isiyozimwa. Maganga alitaka mbao za mninga, Bwana Nassor akaweka kipande kwenye mizani ya duka, akamwonyesha uzito.

"Mninga haujawahi kumwangusha mtu," Maganga akasema.

"Kwa sababu haujawahi kumpandisha."

"Babu zangu walibeba mizigo ya babu zako toka hapa mpaka pwani kwa miguu. Hawakuuliza uzito."

"Hawakuwa na nafasi ya kuuliza," akasema Bwana Nassor. Halafu Maganga akasema, "Lete hiyo mbao yako ya Kizungu, Mwarabu wangu, niione inanuka nini," na kazi ikaendelea. Nayaandika haya kwa sababu wapo wanaosema walikuwa hawapendani, na wapo wanaosema walikuwa kama ndugu. Mimi niliona walikuwa watu wawili wanaojua walikotoka, ambao kila asubuhi walichagua kutaniana.

Kosa langu la kwanza halikuwa la nta, lilikuwa la pasi. Kitambaa kile hukivuti kwa mikono kikakaza. Unakigundisha pembeni kimelegea, kisha unakipiga pasi nacho kinajikunja chenyewe hadi kinalia kama ngoma. Joto lazima lipande kwa hatua. Umeme ukakatika. Mimi, kwa kujiona mzoefu, nikatia makaa kwenye pasi yangu ya zamani. Makaa hayana hatua. Nilitoboa tundu la ukubwa wa chapati, na kuzunguka tundu kitambaa kikajikunyata kama uso wa mtu aliyenusa siki. Bwana Nassor alilitazama, akavaa miwani, akalitazama tena. "Sasa tuna dirisha," akasema. Tangu hapo mimi huishika pasi kwa kuihofia, nami nawashauri muihofie.

Nidokeze na ng'ombe wa Ziba nisije nikasahau, ingawa hilo ni la miaka ya baadaye. Tulitua Ziba, tukapokelewa vizuri, tukaingia ndani kunywa maziwa. Tulipotoka tulikuta ng'ombe wanne wanailamba ndege yetu mkiani. Ile dawa tunayopaka kukazia kitambaa wanaipenda kuliko chumvi. Mwenye ng'ombe alikasirika kuliko sisi, akihofia wanyama wake watakufa. Hawakufa. Lakini usukani wa nyuma ulibaki mbavu tupu, tukalala huko siku mbili nikishona. Kwa hiyo ukitua kijijini omba matawi ya miiba kabla hujaomba maji, uizungushie ndege boma. Haya, sasa nta.

Kitambaa kikishakaza, kinafungwa kwenye kila ubavu kwa uzi. Sindano yake ni ndefu kama mkono wa mtoto. Inazama juu ya bawa, inatokea chini, inarudi, unapiga fundo, unasogea upana wa vidole vitatu, unazama tena. Ni kazi ya ukimya. Siku nyingine nilikuwa nashona tangu asubuhi, na nikiinua kichwa jua limehama ukuta mmoja hadi mwingine, na katikati hapo sijui nilikuwa wapi. Nilikuwa nawaona watu wakipita kwenye ile njia, mmoja nyuma ya mwingine, na vichwani hawana mizigo. Pengine nilikuwa nasinzia. Sindano haikuwahi kusinzia.

Uzi ule unapitishwa kwenye nta ili fundo lisiteleze. Mchoro ulisema mara moja, na Bwana Nassor alinisomea hivyo, nami nilisikia. Lakini uzi uliopitishwa mara moja ulibaki mkavu, ukawa unanikata kidole. Nikanunua nta sokoni kwa mama mmoja anayeuza asali, nta mbichi, ya njano nzito, haijachujwa. Nikaiyeyusha kwenye sufuria, nikautumbukiza uzi mzima. Ukawa laini, ukapita kama umepakwa mafuta. Ghala lote likanukia. Bawa la kushoto nikalimaliza kwa siku chache kuliko nilivyoahidi, nikasifiwa. Juu ya kila mstari wa mafundo nikagundisha utepe wa kitambaa, ndio unaouziba uzi usipigwe na upepo, kisha tukapaka dawa na rangi. La kulia nilikuwa nimelishona kabla, kwa uzi mkavu na kidole kilichofungwa kitambaa.

Mimi ni mtoto wa mrina asali. Nimekua nikimwona baba anausugua mzinga mpya kwa nta kama ile ile ili kuwaalika nyuki. Nilikuwa nalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Halikunijia akilini hata mara moja.

Siku ya Jumanne, mkaguzi wa ndege, ambaye bila saini yake haturuki, akitarajiwa Alhamisi, tulifungua ghala tukasikia bawa linaimba. Lilikuwa limesimamishwa ukutani, na kitundu cha ukaguzi kilichopo kwenye shina la bawa, pale linapoungana na mwili wa ndege, kilikuwa wazi, nyuki wanaingia na kutoka kama watu wa gulioni. Ukiweka kiganja kwa mbali uliuhisi mtetemo. Niseme ukweli, lilikuwa jambo zuri. Bawa ambalo halijawahi kuruka lilikuwa linatetemeka kama linaota ndoto ya kuruka.

Bwana Nassor hakuona uzuri. Aligeukia kona ya mizinga.

"Mizinga mipya mingapi umeipaka nta?"

"Mitatu," akajibu Maganga. Hakuficha.

"Nilikupa kona ya kufanyia kazi, umeniletea kijiji. Kusanya vitu vyako."

"Nitakusanya. Lakini wewe hujui kuwatoa, na ukiwasha moshi humu, hiyo dawa ya kitambaa itashika moto tuungue sote. Niwatoe kwanza, halafu unifukuze."

Akafanya hivyo. Alililaza bawa kwa mwinuko, shina likiwa juu, akafunga mzinga mtupu mbele ya kitundu, kisha akaanzia ncha ya chini kupiga kitambaa kwa vidole, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Tu, tu, tu. Nyuki hawapendi kugongwa, wanapanda juu gizani. Alipiga hivyo mpaka mchana ukapita. Mimi na Bwana Nassor tulikaa mlangoni tumefunikwa mapazia kama maharusi. Saa tisa bawa likanyamaza. Maganga akaufunga mzinga, akautoa nje, akaanza kupanga randa na misumeno yake kwenye baiskeli.

Bwana Nassor akaniambia nilikague bawa. Nilimulika tochi ndani ya kitundu. Nyuki walikuwa wamejipanga kwenye mistari ya uzi wangu, wakaacha wameitafunatafuna ile nta, na pengine hawakuwa wameujali mzinga hata mmoja wa Maganga. Nikapitisha kidole juu ya utepe wa ubavu wa tatu. Pembeni ulikuwa umeinuka kidogo. Niliuvuta kwa ukucha. Ukaja. Ulikuja bila kelele, kama ganda la ndizi, na chini yake kulikuwa kunang'aa nta. Gundi ilikuwa imeishika nta, haikukishika kitambaa.

Nikaubonyeza urudi.

"Vipi?" Bwana Nassor akauliza. Alikuwa amesimama karibu na kiti cha rubani, ameweka mkono kwenye ukingo wake kama mtu aliyemshika farasi wake.

"Naona liko sawa," nikasema.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Kwenye daftari siku hiyo niliandika, "Nyuki wametoka. Fundi Maganga ameondoka." Hapo nilijipendelea.

Msinifanye mtu wa dhamira kubwa. Nilipima. Nilijiambia tepe moja si tepe zote. Nilijiambia rangi ya juu itashika. Nilijiambia nikisema, kitambaa cha bawa zima kitavuliwa, mkaguzi ataondoka, mvua zitaanza, na cheti cha mzee yule kitakufa mezani. Nikisema, ninampokonya jambo analoishi kwa ajili yake. Nisiposema, huenda likashika. Huenda. Nililirudia neno hilo hadi likapoteza maana, ndipo nikajua kwamba nalitumia vibaya. Upepo wa juu haubembelezi. Utepe ukiinuka mmoja unavuta wenzake, na uzi unabaki uchi.

Kesho yake asubuhi nilifika, Maganga amerudi, yupo nje anamalizia kufunga mzigo wake. Nikamwambia aingie na mimi.

"Nimefukuzwa, Mama Shija."

"Utafukuzwa tena baadaye. Ingia."

Bwana Nassor alikuwa anafuta kioo cha mbele. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijua nikikaa nitapunguza.

"Nyuki hawakuja kwa mizinga. Walikuja kwa uzi wangu. Niliuchovya kwenye nta mbichi. Na tepe hazijashika vizuri. Nimevua moja jana kwa ukucha."

Aliendelea kufuta, duara moja, la pili.

"Jana uliniambia liko sawa."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuona ulivyokuwa umekishika kiti."

Alikiweka kitambaa chini. "Tepe ngapi?"

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Nje kulikuwa na mtu anapita na mbuzi, nasikia kengele inakwenda magharibi, inapungua, inapungua, na nilitamani isiishe ili Bwana Nassor asije kusema. Mwisho Bwana Nassor alikwenda kwenye meza ya Maganga, ambayo haikuwa na kitu tena juu yake. "Kisu kiko wapi?"

"Kwenye baiskeli," Maganga akasema.

"Basi teremsha hivyo vitu vyako, mpagazi. Nilikosea."

"Nivirudishe kwa mikono, au utanitumia ndege?"

Hakuna aliyecheka, lakini Maganga alileta kisu, na Bwana Nassor akanipa mimi. "Anza wewe," akasema.

Hesabu naitoa kamili. Mbavu zilikuwa kumi na moja. Tepe nne zilibanduka kwa kidole. Mbili zilishika nusu. Tano zilikuwa zimekamata kiasi kwamba zilichanika na kitambaa chake. Kwa hiyo sikuokoa maisha ya mtu kwa hakika, wala sikumharibia mtu bure kwa hakika. Wapo mafundi niliowauliza baadaye, wakaniambia nne zinatosha kuua. Mmoja akasema ameona ndege imerudi nyumbani na mbaya kuliko hizo. Nimeyaandika yote mawili.

Alhamisi mkaguzi alikuja, akakuta bawa la kushoto ni mifupa. Alikunywa chai, akazunguka mara mbili, akasema tumefanya vizuri kulifungua, akaondoka hadi baada ya mvua.

Masika yale yalikuwa marefu. Maji yalipiga bati la ghala hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Nilichuja nta kwa kitambaa mara tatu, nikaupitisha uzi mara moja, nikashona upya kwa kidole kinachovuja damu. Bwana Nassor alikuja kila siku. Alinishikia taa, alinipokea sindano upande wa chini. Ila aliacha kuniita Mama Shija. Aliniita fundi. Cheti kilipokwisha hakutuambia. Tulijua kwa sababu siku hiyo alikuja amevaa kanzu badala ya nguo za kazi, akakaa mlangoni kuitazama njia, ambayo maji yalikuwa yameigeuza mto mwembamba.

Udongo ulipokauka, mkaguzi akarudi na kusaini. Aliyerusha ni Zuhura, binti wa kaka yake Bwana Nassor, rubani wa kazi, aliyeomba likizo kwa ajili hiyo. Alitusalimia shikamoo wote watatu, akaniuliza mimi, si baba yake mdogo, "Mama, ungekuwa wewe ungepanda?" Nikamwambia ningepanda kwa hofu. Akasema hilo linamtosha. Aliruka peke yake siku kadhaa kama sheria inavyotaka. Kisha asubuhi moja akamweka Bwana Nassor kwenye kiti cha pili.

Walipaa juu ya njia, wakaifuata. Sauti ya injini ilikuwa ya gari dogo linalopanda mlima. Halafu ikawa ya cherehani. Halafu ikawa ya nyuki mmoja, na mwisho sikuweza kujua kama naisikia au naikumbuka. Mimi na Maganga tulisimama uwanjani tumetazama mahali pasipo na kitu. Nilijaribu kufikiri huko juu anaona nini, mtu ambaye amekaa mahali pa abiria ndani ya ndege aliyoiunda awe rubani. Sikuweza. Nilijua tu kwamba mimi ndiye niliyemkalisha pale.

Walitua baada ya saa nzima. Zuhura alishuka akicheka. Bwana Nassor alichelewa kushuka. Aliposhuka alishika nguzo ya bawa, akasubiri miguu yake impokee, kisha akaja hadi niliposimama.

"Zuhura alinipa usukani huko mbele, kwa dakika chache," akasema. "Halafu nikamrudishia. Macho hayaoni mbele."

"Pole, Bwana Nassor."

"Nilikukasirikia masika yote."

"Najua."

"Nilidhani nikipanda leo itaisha. Haijaisha yote."

Maganga alijifanya anakagua gurudumu.

"Lakini huko juu," akasema, "wakati upepo ulipotupiga, nilifumba macho kabisa, Mama Shija. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo." Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Kesho uje mapema. Tukate kitambaa cha ndege ya pili."